Maswali ya Wasomaji: Mafuta ya Ardhini, Gesi ya Ziwa Kivu na Moshi Wetu

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Goma na Bukavu tangu toleo lililopita zinahusu mafuta, gesi, makaa na moshi wake. Tumechagua sita, tukazifupisha pale ambapo mwandishi alirefusha salamu, na majina ya waandishi tumeyaweka kando. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali nayo hayalingani kwa uzito.

SWALI: Shuleni tunabishana. Mimi husema mafuta ya petroli yametokana na mizoga ya dinosaria, rafiki yangu anakataa. Nani ana haki? Tena, kama mafuta hutokana na viumbe vilivyofia majini, mbona Ziwa Kivu halina mafuta? (Mwanafunzi wa sekondari, Katindo, Goma)

JIBU: Mwanangu, rafiki yako ndiye aliyepatia. Dinosaria walikuwa na maumbo ya kutisha, lakini ukiwajumlisha wote si kitu mbele ya mwani na vijiumbe visivyoonekana kwa macho ambavyo vilielea kwa wingi usiohesabika katika bahari na maziwa ya kale. Mnyama anayefia nchi kavu huliwa au huoza, na kaboni iliyokuwa mwilini mwake hurudi hewani baada ya muda mfupi. Ili mafuta yapatikane, sharti kiumbe kizame hadi kwenye maji yasiyo na oksijeni, ambako bakteria wa kuozesha hawawezi kuimaliza kazi yao, kisha kifunikwe na tope kabla hakijatoweka.

Tope hilo, tabaka juu ya tabaka, hugandamana likawa mwamba mweusi wenye masalia ya kaboni ambayo wanajiolojia huyaita kerojeni. Hapo bado hatujapata mafuta. Kadiri mwamba unavyodidimia ndivyo unavyopata joto, kwa kuwa katika sehemu nyingi za dunia joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita moja ya kina. Mwamba ukifikia joto la kati ya nyuzi 60 na 120 hivi, ambalo kwa kawaida hupatikana kwenye kina cha kilomita 2 hadi 4, kerojeni huanza kumeguka na kutoa mafuta. Ukididimia zaidi ya hapo, mafuta yenyewe humeguka tena na kubaki gesi. Mwamba ambao haukufika huko chini hubaki mwamba mweusi tu, hata ukiwa na utajiri wa kaboni kiasi gani.

Baada ya kuiva, mafuta husafiri. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji yaliyomo ardhini, hupanda polepole kupitia nyufa na matundu ya miamba mpaka yazuiwe na tabaka lisilopitisha kitu, kama vile udongo wa mfinyanzi uliogandamana au chumvi. Hayakai katika pango wala katika ziwa la chini ya ardhi kama wengi wanavyodhani. Hujaa ndani ya mwamba wenyewe, kama maji yanavyojaa katika yale mawe ya volkeno yenye matundu tunayojengea kuta hapa Goma, ila matundu ya mwamba wa mafuta kwa kawaida ni madogo mno kuonekana kwa jicho. Mahali ambapo hapakuwa na tabaka la kuzuia, mafuta yalifika juu na kupotea zamani sana, na hakuna mtambo utakaoyarudisha.

Swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza. Ziwa Kivu lina karibu kila kitu kinachohitajika: lina mwani, na chini ya mita 60 au 70 hivi maji yake hayana oksijeni, kwa hiyo masalia ya viumbe hutua kwenye tope bila kuozeshwa kabisa. Linalokosekana ni kina cha mwamba, na kina ni suala la muda. Tuseme tope hujikusanya kwa milimita 1 kwa mwaka. Ili masalia ya leo yafukiwe kwa kilomita 2, itahitajika miaka milioni 2, na sehemu ya chini ya bonde iwe inaendelea kudidimia muda wote huo ili tope lipate nafasi. Hesabu hiyo iweke akilini unaposoma majibu yanayofuata, kwa maana karibu kila madhara ya nishati za kisukuku yanatokana na tofauti kati ya mwendo wa kuziumba na mwendo wa kuziteketeza.

Jirani yetu wa kaskazini, Ziwa Albert, amekwisha kupita hatua hizo. Mafuta yaliyothibitishwa upande wa Uganda mwaka 2006 yalitokana na maziwa ya kale ya bonde hilihili la ufa, na ni machanga yakilinganishwa na mafuta mengi ya Uarabuni. Kwa kuwa mwani wa maziwa huzaa mafuta yenye nta nyingi, mafuta hayo huganda yakipoa, ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 la kuyafikisha Tanga, pwani ya Tanzania, limebuniwa kuwa na mfumo wa kuyapasha moto njia nzima.

SWALI: Gesi ya metani iliyo chini ya Ziwa Kivu ni nishati ya kisukuku kama mafuta ya Muanda, kule pwani ya nchi yetu? Na kama ndiyo, kwa nini tunaambiwa kwamba kuitoa ni kulinda watu, ilhali kwingineko tunaambiwa mafuta yaachwe ardhini? (Papa wa familia, Himbi, Goma)

JIBU: Papa, umegusa jambo ambalo hata magazeti makubwa hulichanganya. Gesi ya Kivu si ya kisukuku kwa maana ya kawaida. Haikufungiwa ndani ya mwamba kwa mamilioni ya miaka. Imeyeyuka ndani ya maji ya ziwa, na umri wake humo majini huhesabiwa kwa karne. Hewa ya ukaa huingia kutoka chini, pamoja na chemchemi za moto na chumvi zinazohusiana na volkeno zetu. Vijiumbe vinavyoishi kilindini bila oksijeni hugeuza sehemu ya hewa hiyo kuwa metani, na metani nyingine huitoa vikiozesha masalia ya mwani yaliyozama. Kazi hiyo inaendelea hata leo. Kwa ujumla, kilindini mna takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na kilomita za ujazo 60 za metani, kama gesi hizo zingepimwa zikiwa juu ya ardhi.

Zinabaki huko chini kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uzito wa maji: kwenye kina cha mita 350, maji hugandamiza kwa nguvu inayozidi mara 35 ile ya hewa tunayoivuta ufukweni, na gesi iliyogandamizwa hivyo hubaki imeyeyuka. Ya pili ni kwamba maji ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito, kwa hiyo hayachanganyiki na yale ya juu hata upepo uvume namna gani. Hofu ni kwamba siku moja matabaka hayo yavurugwe na gesi ipande kwa ghafla. Jambo la namna hiyo lilitokea Cameroon tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilipotema hewa ya ukaa usiku, nayo ikatiririka mabondeni na kuua watu zaidi ya 1,700 pamoja na mifugo yao. Ziwa Nyos ni dogo sana mbele ya Kivu, na kandokando ya Kivu wanaishi watu wapatao milioni 2. Niseme wazi, ili nisimtishe mtu, kwamba vipimo vinaonyesha mgandamizo wa gesi katika Kivu bado uko chini ya ule wa maji, yaani ziwa halijafikia kiwango cha kuchemka lenyewe.

Sasa nije kwenye mazingira. Metani ikitoroka hewani bila kuchomwa, kila kilo yake hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100. Ikichomwa, hugeuka hewa ya ukaa na mvuke wa maji, na huacha masizi machache sana kuliko mazuti (dizeli) au kuni. Kwa hiyo kuichoma gesi ambayo ingeweza kutoka yenyewe siku moja ni afadhali kuliko kuisubiri, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu mafuta ya Muanda, ambayo yangetulia mwambani mamilioni ya miaka mingine kama hayangechimbwa. Mimi sioni ukinzani wowote katika mambo hayo mawili mradi masharti ya kazi yaheshimiwe, na masharti yenyewe si mepesi.

Bomba huteremshwa hadi kwenye tabaka lenye gesi nyingi. Maji yakishaanza kupanda, mgandamizo hupungua, povu la gesi hujitokeza na kuyavuta maji mengine nyuma yake, hata pampu haihitajiki tena. Juu, gesi hutenganishwa na maji, kisha husafishwa kwa maji mengine ili hewa ya ukaa ipungue na metani ibaki. Shida iko kwenye maji yaliyotumika: yana chumvi, yana virutubisho vingi, na bado yana hewa ya ukaa. Yakimwagwa juu, huweza kuzalisha mwani kupita kiasi na kuwadhuru samaki wadogo, sambaza, wanaolisha miji yetu. Yakirudishwa kwenye kina kisichofaa, hudhoofisha matabaka yaleyale yanayotulinda. Mkataba wowote wa gesi usiotaja kina cha kurudishia maji haufai kusainiwa, na hilo ndilo swali la kwanza ambalo raia wa Goma anapaswa kumwuliza mwekezaji.

Upande wa Rwanda, gesi hiyo iliwahi kupasha moto mitambo ya kiwanda cha bia cha Gisenyi tangu mwaka 1963, na mtambo wa Karongi sasa unazalisha umeme wa takriban megawati 26. Upande wetu, vitalu vitatu vya gesi ya Kivu viliwekwa kwenye mnada wa serikali mwezi Julai 2022, pamoja na vitalu 27 vya mafuta vya sehemu nyingine za nchi. Mnada wa vile vya mafuta ulifutwa Oktoba 2024. Kuhusu ghuba ya Kabuno, karibu na Sake, hadithi ni nyingine: huko hewa ya ukaa ndiyo iliyotawala, na iko karibu zaidi na uso wa maji, kwa hiyo kuipunguza ni kazi ya usalama zaidi kuliko ya biashara.

SWALI: Nauza makala (makaa ya kuni) Birere. Wateja wananiambia kwamba makaa ya mawe ya Kalemie yakiletwa hapa, msitu wa Virunga utapona. Ni kweli? Na makaa hayo nayo yalikuwa miti? (Mama mfanyabiashara, Goma)

JIBU: Mama, ndiyo, yalikuwa mimea, lakini si miti ya aina inayoingia katika tanuri za makala leo. Makaa ya Lukuga, karibu na Kalemie, ni ya kipindi cha Permi, kati ya miaka milioni 299 na 252 iliyopita, wakati Kongo ilipokuwa sehemu ya bara moja kubwa pamoja na India, Australia na Antaktika. Katika vinamasi vya bara hilo ilitawala mimea inayoitwa Glossopteris, yenye majani marefu kama ulimi, ambayo yalianguka majini na kurundikana bila kuoza. Rundo la namna hiyo kwanza huwa mboji nyeusi iliyolowa, kisha hufukiwa na kukamuliwa maji likawa makaa ya kahawia, halafu makaa meusi. Penye joto na mgandamizo mkubwa kabisa hutokea makaa magumu yanayong'aa.

Hatua ya kwanza unaweza kuiona leo bila kutoka nchini. Katika vinamasi vya bonde la kati la mto Kongo, upande wa Mbandaka na ng'ambo ya mto katika Kongo-Brazzaville, kuna mboji iliyojikusanya kwa zaidi ya miaka 10,000. Ramani yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 2017, na ilionyesha kwamba humo mmefungiwa takriban tani bilioni 30 za kaboni. Vinamasi hivyo vikikaushwa, mboji hukutana na oksijeni, na kaboni hiyo huanza kurudi hewani hata pasipo mtu kuwasha kiberiti. Baadhi ya vile vitalu 27 vya mafuta nilivyovitaja juu viliingia katika eneo hilo, na ndiyo maana mnada ule ulizua makelele makubwa kiasi kile.

Narudi kwa wateja wako. Kaboni iliyo katika makala ilikuwa hewani miaka michache au makumi ya miaka iliyopita, mti ulipokuwa unakua, na mti mwingine ukipandwa na kuachwa ukue, utaivuta tena. Kaboni ya makaa ya mawe haina njia fupi kama hiyo ya kurudi. Kwa kipimo hicho, makala ni afadhali. Lakini kipimo hicho hudai kwamba mti upandwe kweli, na katika kingo za Virunga miti inayokatwa ni mingi kuliko inayopandwa. Pia tanuri za udongo za kienyeji hupoteza sana: kilo 100 za kuni kavu mara nyingi hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala, na zilizobaki huenda na moshi.

Hata hivyo, singependa makaa ya mawe yaingie katika mbabula (majiko) za Goma. Yana salfa, na baadhi yake yana aseniki na florini ambazo hubaki katika chakula na katika mapafu ya anayepika. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2014 kwamba makaa ya mawe ghafi yasitumike kabisa majumbani. Mji wa London uliyatumia majumbani kwa karne nyingi, na Desemba 1952, baada ya siku tano za moshi uliokwama juu ya mji bila upepo, walikufa watu wasiopungua 4,000. Makadirio ya baadaye yanafika 12,000. Msitu wa Virunga utapunguziwa mzigo na mbabula zilizoboreshwa, ambazo hula makala machache, pamoja na umeme wa maporomoko kama ule wa Matebe, Rutshuru, pale ambapo bei yake inamfikia mpishi wa kawaida. Kwa wewe unayeishi kwa kuuza makala, najua jibu hili halijazi mfuko.

SWALI: Katika redio nilisikia kwamba lita moja ya esansi (petroli ya magari) hutoa zaidi ya kilo mbili za hewa chafu. Lita yenyewe haifiki kilo moja. Huo si uongo? (Motari, Majengo, Goma)

JIBU: Si uongo, ndugu yangu, na shaka yako ni ya mtu anayejua kupima. Lita moja ya esansi ina uzito wa gramu 750 hivi, na kati ya hizo karibu gramu 640 ni kaboni; zilizobaki ni hidrojeni. Injini inapoichoma, kila gramu 12 za kaboni hushikana na gramu 32 za oksijeni na kuwa gramu 44 za hewa ya ukaa. Ukipiga hesabu, gramu 640 za kaboni huzaa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Uzito ulioongezeka umetoka katika hewa iliyoingia kupitia chujio la pikipiki yako. Mazuti ni mazito zaidi, na lita yake moja hutoa karibu kilo 2.7. Anayechoma lita 3 za esansi kwa siku huacha nyuma yake kilo 7 hivi, wala hazionekani, kwa sababu hewa ya ukaa haina rangi wala harufu.

Moshi unaouona ni jambo jingine. Ule wa bluu ni oili inayopenya kwenye silinda na kuungua; ule mweusi ni mafuta yaliyoungua nusu, na ndio wenye masizi yanayoingia mapafuni. Risasi, ambayo zamani ilitiwa katika esansi na kudhuru akili za watoto, iliondolewa katika vituo vya Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiuza, Algeria, iliacha mwaka 2021. Hilo ni tatizo moja ambalo dunia ililimaliza kabisa. Esansi ya chupa inayouzwa na makadafi wa barabarani ina lake: ikichanganywa na petroli ya taa au ikikaa wazi juani, huungua vibaya na kuharibu injini, na mvuke wake una benzini, ambayo husababisha saratani ya damu kwa anayeivuta kila siku. Anayeinyonya kwa mpira mdomoni ndiye aliye hatarini kuliko wote.

Nina ombi moja kwako na kwa wenzako. Oili chafu mnayoibadilisha msiimwage chini. Mji wetu umejengwa juu ya lava iliyojaa nyufa, haina udongo wa kutosha wa kuchuja, na kinachomwagwa juu yake huweza kushuka hadi kwenye maji ya chini na kuelekea ziwani, ambako wengi wetu tunachota.

SWALI: Nyiragongo hutoa moshi mchana na usiku. Kwa nini lawama zote wabebeshwe wenye magari na viwanda, ilhali volkeno zilianza kuchafua hewa kabla ya binadamu? (Mwalimu mstaafu, Kadutu, Bukavu)

JIBU: Mwalimu, swali lako linapimika. Volkeno zote za dunia, za nchi kavu na za chini ya bahari, kwa jumla hutoa hewa ya ukaa isiyofikia tani bilioni 1 kwa mwaka. Kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi hutoa takriban tani bilioni 37. Nyiragongo ni miongoni mwa volkeno zinazotoa gesi nyingi kuliko nyingine, na walio chini yake wanajua mazuku, yaani hewa ya ukaa inayotulia mabondeni, ni nini na mvua yake yenye asidi hufanya nini kwa mimea, lakini katika hesabu ya dunia nzima ni tone.

Unaweza kuuliza tumejuaje kwamba ongezeko la hewani halikutoka volkenoni. Kaboni huja kwa aina zaidi ya moja. Aina iitwayo kaboni-14 huoza yenyewe na kupungua nusu kila baada ya miaka 5,730, kwa hiyo katika makaa na mafuta ya mamilioni ya miaka imekwisha kabisa. Kaboni ya volkeno nayo haina kaboni-14, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakitoshi. Cha pili ni kaboni-13: mimea huipenda kidogo kuliko kaboni ya kawaida, nayo makaa na mafuta yamerithi upungufu huo, wakati hewa ya volkeno haina upungufu wa namna hiyo. Vipimo vya angahewa vinaonyesha kwamba aina zote mbili zimepungua kwa uwiano, na kwamba oksijeni nayo inapungua kidogo kidogo kama inavyotarajiwa kitu kinapochomwa. Volkeno haichomi oksijeni ili kutoa hewa yake ya ukaa.

Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa mlikuwa na chembe 280 hivi za hewa ya ukaa. Charles David Keeling alipoanza kupima mwaka 1958, zilikuwa karibu 315. Leo zimepita 420. Jambo la kuchekesha ni kwamba alipimia juu ya Mauna Loa, volkeno hai ya Hawaii, na ilimbidi atenganishe pepo zinazotoka kwenye kreta na zile safi za baharini. Katika muongo wa 2011 hadi 2020, joto la dunia lilikuwa limezidi lile la 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzi 1.1. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mvua kubwa huwa kubwa zaidi. Maafa ya Kalehe ya Mei 2023, yaliyofagia Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400, hayawezi kubebeshwa mafuta peke yake. Milima iliyovuliwa miti na nyumba zilizojengwa kwenye njia ya maji zina sehemu yake.

Kwa mfano ulio wazi zaidi, tazama Ziwa Tanganyika. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na kuacha kuchanganyika na ya chini, ambako virutubisho vimehifadhiwa. Mwani hupungua, na samaki wanaoutegemea, ndagala wakiwamo, hupungua pia. Uvuvi wa kupita kiasi umeongeza madhara, lakini mashapo ya chini ya ziwa yanaonyesha kwamba upungufu ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Mvuvi wa Uvira ambaye hajawahi kumiliki gari analipia gharama hiyo, na Afrika nzima haitoi hata asilimia 5 ya hewa ya ukaa ya nishati za kisukuku. Hapo malalamiko yako kuhusu lawama nayaunga mkono kwa moyo wote.

SWALI: Umeme ukikatika tunawasha jenereta ndogo kwenye korido, mlango ukiwa wazi kidogo. Jirani anasema ni sawa na mazuku. Anazidisha? (Mama wa nyumbani, Ndosho, Goma)

JIBU: Hazidishi, Mama, na kwa kweli ni mbaya kuliko mazuku kwa namna moja. Mazuku ni hewa ya ukaa, nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mabondeni na mashimoni, na mshumaa huzimika ndani yake. Jenereta hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo ina uzito unaokaribiana na ule wa hewa, kwa hiyo husambaa chumba kizima, haina harufu, na mshumaa utaendelea kuwaka huku damu yako ikikosa oksijeni. Mbabula ya makala iliyoachwa inawaka chumbani usiku hutoa gesi hiyohiyo. Ukiona watu wawili au watatu nyumbani wanaumwa kichwa na kutapika kwa wakati mmoja, zima jenereta, watoeni wote nje, na mwende hospitali hata kama mmepata nafuu. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye madirisha na milango, bomba la moshi likielekea upande usio na nyumba, na umeme uingizwe ndani kwa waya mrefu.